MNAMCHEKA DADA WA WATU KWA KUSHUKA KWENYE FARASI, KUMBE NDIYE ALIYEJUA ANACHOFANYA

Wiki hii habari ya mjini mitandaoni ni klipu moja fupi, haifiki hata dakika. Mrembo mmoja, Mbongo mwenye maskani yake California, aliyezoeleka kwa nywele, viatu na mapozi ya hotelini, anaonekana pale wanapoanzia mashindano ya farasi ya masafa marefu. Wenzake wanaondoka, yeye anabaki. Farasi anarusha kichwa, anazunguka, anataka kuwafuata wenzake. Dada anashuka, anashika hatamu, anaanza kutembea kwa miguu huku farasi yuko pembeni yake.

Basi, kazi ikaanza kwenye komenti.

"Amempanda farasi au anampeleka malishoni?"

"Dada rudi kwenye makeup, hayo mambo waachie wazungu."

"Umekodi farasi halafu unatembea, si ungekuja na raba tu?"

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyochekesha zaidi, ikasambazwa mpaka kwenye magrupu ya familia. Jina halitatajwa hapa, mwenyewe anajijua na waliomchamba wanajijua. Ila ukweli usemwe: katika klipu ile nzima, jambo ambalo watu wamelicheka ndilo hasa lililofanyika sawasawa.

Alikotokea

Wanaomfuata tangu zamani wanakumbuka alivyowahi kusimulia kwamba alijifunza farasi akiwa bado mwanafunzi kule Arusha. Siku moja ndege akaruka ghafla kutoka kichakani, farasi akashtuka, binti akaenda chini. Mtulinga ukavunjika. Mfupa uliunga baada ya wiki kadhaa, lakini hofu haikuondoka. Akakaa zaidi ya miaka kumi bila kugusa tandiko. Wahenga walishasema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwaka jana akaamua kurudi. Na hakurudi kwenye ile michezo ya kuruka viunzi yenye picha kali za kuposti. Akachagua mbio za masafa marefu, mchezo ambao ukiutazama kwa haraka unaweza kusinzia: watu na farasi wanapita porini kwa masaa, vumbi, jua, milima, wanasimama, wanapimwa, wanaendelea. Farasi wenyewe si wake. Amepewa na mama mmoja wa makamo, jirani yake kule, ambaye ameshapanda farasi maisha yake yote.

Sasa wengi waliokomenti hawaujui huu mchezo, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Mchezo wenyewe uko hivi

Pale Marekani mbio hizi zina historia ndefu. Maarufu kuliko zote ni Tevis Cup, zilizoanza mwaka 1955 kwa mkono wa bwana mmoja wa mji wa Auburn, California, aitwaye Wendell Robie. Alitaka kuonyesha kwamba farasi wa zama hizi bado anaweza kuvuka milima ya Sierra Nevada maili 100, yaani kilomita 160 hivi, ndani ya siku moja. Mpaka leo watu wanaanza alfajiri upande wa Ziwa Tahoe na kuhangaika kufika Auburn kabla masaa 24 hayajaisha. Mara nyingi karibu nusu ya wanaoanza hawafiki. Na wanaofika, hata yule wa dakika ya mwisho kabisa, wanapata bako ya fedha ya mkanda. Hakuna anayeuliza ulikuwa wa ngapi, wanauliza kama ulimaliza.

Chama chao cha mbio hizi, AERC, kilianzishwa mwaka 1972, na kauli mbiu yake kwa Kiswahili ni kama kusema "kumaliza ndiko kushinda". Wengine wataona ni maneno ya kumfariji aliyeshindwa, lakini sheria zenyewe zimejengwa juu ya hilo.

Angalia. Njiani kuna vituo vya daktari wa wanyama. Ukifika, saa haikuhurumii na daktari hakuangalii wewe, anamwangalia farasi. Anapima mapigo ya moyo. Farasi aliyetulia moyo wake unapiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Akitoka kukimbia unapanda sana, na inabidi ushuke mpaka kiwango kilichowekwa, mara nyingi 60 au 64, ndani ya muda maalumu. Daktari anabonyeza fizi aone damu inarudi haraka kiasi gani. Anavuta ngozi aone kama maji yamepungua mwilini. Anasikiliza tumbo kama linanguruma, maana tumbo la farasi likinyamaza hiyo ni hatari. Mwisho anataka akimbizwe kidogo mbele yake aone kama anachechemea. Kimoja kikigoma, safari imeishia hapo, hata kama ulikuwa unaongoza kwa nusu saa.

Kwa wanaoanza kuna safari za utangulizi za maili 10 hadi 15, kisha kuna za maili 25 hadi 35. Kwenye hizo za 25 una masaa sita, na humo zimo dakika za mapumziko. Tena muda wako wa kumaliza hauhesabiwi pale unapovuka mstari kwa mbwembwe. Unahesabiwa pale moyo wa farasi unaposhuka mpaka kiwango. Unaweza ukavuka wa kwanza huku farasi anahema kama mashine ya kukoboa, aliye nyuma yako akafika taratibu, farasi wake akatulia mapema, akakupita ukiwa umesimama unamwagia wako maji.

Kwa hiyo mtu anayesema "mbona anaenda pole" amekuja na sheria za mchezo mwingine.

Kwa nini alishuka

Turudi kwenye klipu. Farasi ni mnyama ambaye tangu enzi alikuwa chakula cha wengine. Macho yamekaa pembeni, anaona karibu pande zote, na akishtuka anakimbia kwanza, kufikiri baadaye. Pia ni mnyama wa kundi. Ukimzuia wakati wenzake 30 wanaondoka kwa mbio, akilini mwake anaachwa peke yake na simba.

Hapo mpandaji mwoga hufanya makosa mawili kwa pamoja bila kujua. Anabana miguu ili asidondoke, na miguu ikibana farasi anasikia "nenda". Wakati huohuo anavuta hatamu, farasi anasikia "simama". Mnyama anapewa amri mbili zinazogombana na mtu aliyebana pumzi. Ndipo anaanza kuzunguka, kurudi nyuma, kunyanyuka. Ajali nyingi za mwanzoni mwa safari zinapikwa hapo.

Watu wenye uzoefu wanawafundisha wageni mambo mawili ya siku hiyo: usiondoke na kundi, ngoja wa mbio watokomee kwanza, na ukiona farasi amechemka kuliko uwezo wako, shuka umwongoze kwa miguu mpaka apoe. Sheria za AERC zinaruhusu kabisa. Wapo wapandaji wa miaka mingi wanaoshuka kwenye miteremko mikali na kukimbia pembeni ya farasi, wapunguze mzigo mgongoni na magotini pake. Wanavaa raba kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo yule mchekeshaji wa "si ungekuja na raba tu" hajui kama ametoa ushauri wa kitaalamu.

Dada alisubiri. Alishuka. Alitembea mpaka farasi akashusha kichwa. Klipu iliyofuata, ambayo haikusambaa kwa sababu haina kichekesho, inamwonyesha amepanda tena kwenye kigogo kando ya njia na wanakwenda mchakamchaka wa taratibu.

Na ile nyingine watu waliyosema "amechanganyikiwa", anaimba peke yake porini kwa sauti ya kukwaruza? Jaribu kuimba huku umebana pumzi. Haiwezekani. Makocha wengi wa farasi huwaambia wanafunzi waoga waimbe, ili watake wasitake wapumue. Mwili unalegea, na farasi anasikia kwamba aliyeko mgongoni hana habari ya simba.

Lakini hofu isigeuzwe pambo

Hapa mashabiki wake nao waambiwe. Kuna team nyingine imeibuka inasema eti hofu ni nzuri, "tetemeka ukiwa juu hivyohivyo", na mabango ya rangi ya pinki. Hapana. Hofu ya mpandaji analipa farasi. Mkono unaotetemeka unavuta mdomo wa mnyama. Mtu anayekaa amejikunja mbele anamchosha mgongo kwa kilomita 40. Kama hofu imekuzidi mpaka huwezi kusikia unachoambiwa, siku hiyo hupandi. Kutetemeka peke yake hakumfanyi mtu kuwa jasiri.

Dada huyu alistahili kutetewa kwa kile alichoifanyia hofu yake. Aliipangia kazi. Miezi ya kwanza, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa anaswaki farasi, anaosha kwato, anamwongoza kuzunguka uwanja, hapandi. Kisha akapanda ndani ya uzio, mwendo wa kutembea tu. Kisha nje, akiwa na yule mama pembeni. Farasi waliyemchagulia ni mzee kidogo, ameshafanya njia hizi mara nyingi, hana makuu. Wale wanaodhani ungejitupia farasi kijana mwenye damu moto ili picha itoke vizuri, waende hospitali yoyote yenye wodi ya mifupa wakaulize.

Na kuna jambo ambalo wachambaji wanalitaja kama aibu kuu: mara ya kwanza aliposhiriki hakumaliza. Alifika kituo cha daktari, farasi akapita vipimo vyote, yeye akasema basi, siendelei. Komenti zikajaa "farasi mzima, mwenye farasi kafa". Akafuta posti, akapotea mtandaoni karibu mwezi mzima, na kwa mtu ambaye mtandao ndio duka lake, mwezi ni kodi ya nyumba.

Lakini hata hilo lina nafasi yake kwenye sheria. Matokeo yana alama maalumu ya mpandaji aliyeamua mwenyewe kusimama wakati farasi yuko fiti. Iliwekwa kwa sababu wanajua mtu aliyechoka au aliyejaa hofu akilazimisha, kilomita 20 zinazobaki zitamgharimu yeye au mnyama. Mchezo umempa mtu mlango wa kutokea kwa heshima. Ni watazamaji waliosimama mlangoni na kuanza kuzomea.

Wakubwa nao waliwahi kuvuliwa nguo

Kwa anayedhani mwendo wa kasi ndio ushujaa, aangalie Ghuba, huko Dubai ambako nusu ya vijana wa mjini wanaota kwenda. Kule mbio hizi ni kitu kikubwa, njia ni tambarare za mchanga, fedha zipo, na kasi ni ya kutisha. Mwaka 2015 shirikisho la dunia la michezo ya farasi, FEI, lililisimamisha shirikisho la Falme za Kiarabu kwa sababu ya malalamiko kuhusu ustawi wa farasi. Adhabu iliondolewa miezi michache baadaye, lakini mashindano ya dunia ya 2016 yaliyokuwa yafanyike Dubai yakahamishiwa Samorin, Slovakia.

Fedha hazikusaidia, ubingwa haukusaidia. Mchezo wote uliingia doa duniani kwa sababu ya haraka. Halafu dada mmoja anatembea kwa miguu amtulize mnyama, anaambiwa anatia aibu!

"Mambo ya wazungu"?

Hii nayo imechosha. Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, aliandika kwenye kitabu cha maisha yake jinsi alivyofundishwa farasi akiwa mtoto hukohuko Unguja. Mwaka 1840 meli ya baba yake, Sultana, ilitia nanga New York ikiwa na zawadi za rais wa Marekani, na ndani yake walikuwemo farasi wawili wa Kiarabu. Na farasi wa Kiarabu ndio hasa wanaotawala mbio za masafa marefu duniani leo. Kwa hiyo Mswahili akipanda farasi Marekani hajaiba cha mtu. Watu wa pwani hii walishapeleka farasi huko kabla Tevis yenyewe haijaanza.

Kosa lake lipo, na lisifichwe. Chini ya ile klipu aliandika kwamba "kila mtu anaweza". Si kweli, dada. Farasi anakula kila siku, anahitaji mfua kwato, daktari, gari la kumsafirisha. Wewe mwenyewe umepewa wa jirani. Binti wa Mbagala anayepanda daladala mbili kwenda kazini akisoma "kila mtu anaweza" anaona anatukanwa kiaina. Ungesema "mtu akianguka anaweza kurudi", hapo wote wangekuelewa, maana kuanguka hakuchagui mfuko.

Yupo kijana aliyeangushwa na bodaboda, mguu ukapona, mpaka leo anasindikizwa na mdogo wake kuvuka barabara. Yupo aliyefungua duka la nguo, mtaji ukafa, sasa akipita Kariakoo anapitia mtaa wa nyuma asikutane na waliomkopesha maneno ya hekima. Yupo aliyefeli, anajua kabisa anaweza kurudia mtihani, ila anawaza sura za mtaani. Hao wote wanapoona mtu anarudi kwenye kilichomvunja, wanatazama mambo mawili: kama ataweza, na kama watu watamwacha. Komenti zenu za raba na malishoni wamezisoma pia.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ila mhunzi anayerudi karakanani akikuta umati umekaa mlangoni unasubiri achome kidole ucheke, wahunzi watapungua.

Na matokeo je?

Kwa wasiojua, maana habari njema hazisambai: dada alimaliza. Maili 25, ndani ya masaa sita, dakika chache zikiwa zimebaki. Mapigo ya farasi yakashuka, akakimbizwa mbele ya daktari, hachechemei. Alikuwa wa mwisho kabisa. Kule mashindano mengi yana zawadi ya utani ya kobe kwa anayemaliza wa mwisho, na wanaipigia makofi, kwa sababu aliye wa mwisho amewapita wote walioondolewa njiani. Amepiga nayo picha, uso umejaa vumbi, kope za bandia hazipo, nywele zimelala chini ya kofia ngumu. Ndiyo picha yake yenye likes chache kuliko zote za mwaka huu.

Kwenye stori yake aliweka na sauti ya simu aliyompigia mama yake Tanzania. "Mama, nimemaliza!" Mama, kwa ile sauti ya wazazi wetu, akauliza kwanza: "Na farasi wa watu, mzima?" Akajibiwa mzima. "Haya, Mungu mkubwa. Na wewe mwanangu, umekula?"

Mama hajawahi kusoma sheria za AERC, na ameuliza maswali yaleyale ya daktari wa kituoni, kwa mpangilio uleule. Hakuuliza umekuwa wa ngapi.

Mwezi ujao dada amesema anarudi, maili 25 zilezile, farasi yuleyule. Hajasema anakwenda kushinda wala hajatangaza kwamba hofu imeisha. Amesema atasubiri wenzake waondoke kwanza. Watakaokuwa na komenti, angalau safari hii wajue wanachokitazama.

Haya wadau, uwanja wenu. Ni kitu gani uliwahi kuanguka nacho ukaacha, na ni nani au nini kinakuzuia kurudi? Dondosha komenti hapo chini. Matusi yabaki nyumbani.